Pike Moja ya Shaba kwa Nyumba Zote

Aliyenipa maneno haya ni Orpa, mke wa Hervé, msimu wa baridi uliopita, siku tulipokaa uani kwangu tunamenya kalanga za kupeleka sokoni. Alianza kucheka kabla hajasema lolote, nikajua ni mambo ya mume wake. Nayatoa kama nilivyoyapokea. Kama kuna chumvi imezidi, ni ya Orpa, maana mkono wake ni mzito hata kwenye mboga ya sombe.

Basi, Hervé wa mtaa wetu wa Shituru alikuwa mtu wa kazi nyingi, na zote alizifanya kwa mdomo. Aliwahi kuuza dawa ya panya ambayo panya waliipenda, wakaita na ndugu zao. Aliwahi kuuza nafasi katika basi jipya la kwenda Lubumbashi, basi ambalo mpaka leo halijatoka tumboni mwa mama yake. Lakini kitu kimoja alikijua kweli, nacho ni umeme. Alisomea umeme kwenye centre ya mafunzo, akaacha karibu na mtihani. Alikuwa ameona kwamba mwenye diploma anapanda ngazi, mwenye maneno anabaki chini ameishika, na jioni wote wawili wanalipwa.

Asubuhi moja ya mvua alipeleka mahindi kusagwa unga wa bukari, ugali wetu. Mwenye moulin, Papa Gaston, akagusa mashine kwa mkono wenye maji. Mashine ikamuuma. Papa Gaston alirushwa nyuma, akakaa kitako katikati ya unga, akasimama mweupe kutoka utosini mpaka viatuni, macho yamemtoka, na wateja wawili wakakimbia wakiita jina la Yesu. Hakufa, Mungu asifiwe. Alidai tu kwamba unga uliomwagika ni wa wateja, si wake.

Hapo kila mtu akaanza kutoa ushuhuda.

“Kwangu ni frigo. Ukiigusa bila viatu inakuluma mpaka kwenye meno.”

“Kwangu ni fer ya kupigia bilamba pasi. Kila siku ya Mungu!”

“Minye, hata mulango ya bati inanilumaka!”

Watu wengine wangeingiwa na hofu. Hervé aliingiwa na hesabu. Alijua vizuri kinachokosekana katika nyumba zile za zamani. Umeme ni kama maji: ukivuja unatafuta njia ya kushuka ardhini, na ukikosa mtaro unapita ndani ya mtu. Mtaro wenyewe ni pike, fimbo ndefu ya shaba inayopigwa chini ya udongo, imefungwa na waya ya kijani na manjano inayokwenda mpaka kwenye chombo. Tena kuna diferansiel, kisanduku kidogo cha ukutani. Huyo ni mlinzi wa mlango. Anaangalia umeme unaoingia na umeme unaorudi. Akiona uliorudi umepungua hata kidogo, anajua kuna mtu anaunywa njiani, anakata, tac, kabla moyo wa mtu haujasimama.

Mtu mwema, akijua hayo, angewafanyia jirani zake kazi. Hervé aliacha mahindi pale pale akaenda kumtafuta Samy.

Samy alikuwa rafiki yake, kijana mrefu kama nguzo ya umeme, na mwepesi wa mikono kuliko wa akili.

“Samy,” Hervé akamwambia, “weye iko murefu hivi juu ya nini? Mungu hafanyake kazi ya bure.”

“Mama alisema ni juu ya kula bukari mingi.”

“Hapana. Ni juu ya pike.”

Akampa mpango. Walikuwa na pike moja tu ya kweli, nzuri, inang'aa, na diferansiel moja ya kweli iliyofungwa kwenye ubao pamoja na taa. Hervé alivinunua kwa akiba yote ya nyumba, Orpa asijue; vilikuwa shamba lake na jembe lake. Vyote viwili vilikuwa vya kuonyesha. Vya kupanda vilikuwa vingine. Vipande vya chuma urefu wa kutoka kiwiko mpaka vidoleni, vimepakwa rangi ya shaba kichwani. Na visanduku vya plastiki vitupu, vyenye kifungo na springi ndani, ukibonyeza vinalia tac vizuri kabisa, kama debe.

“Na bantu batatuona tukibadirisha,” akasema Samy.

“Batatuona na macho gani? Tutaomba.”

Hapo ndipo ubaya wa Hervé ulipokuwa na akili. Mji wetu ni mji wa maombi. Huwezi kuchimba choo, kuwasha gari jipya wala kufungua gunia la saruji bila mtu kusema kwanza tuombe. Na watu wa makanisa yetu wakiomba hawaombi kidogo. Wanafunga macho mpaka uso unakunjana, na kila mtu anapaza sauti yake, wote pamoja, hata ukiangusha sufuria hakuna anayesikia. Hervé alisimama juu ya shimo, akainua mikono, akawaombea wenye nyumba, mababu wa wenye nyumba na waya za wenye nyumba. Wakati moto wa maombi umepanda, Samy alitelezesha pike ndefu ndani ya koti lake la kazi, kutoka kwapani mpaka kwenye kifundo cha mguu, akasimamisha kipande kifupi mahali pake. Waliposema amen, Hervé alipiga nyundo mara chache, kichwa cha rangi ya shaba kikabaki kinachungulia udongoni, na mlinzi mtupu akatundikwa ukutani.

Wa kwanza alikuwa Maman Kabedi, mama wa kwaya. Aliomba kwa nguvu mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Alilipa, akaongeza na jogoo.

“Vraiment, papa ingénieur, nimesikia umeme inashuka chini!”

“Ni imani yako, Maman.”

Shida ilikuwa moja tu: akishameza pike, Samy hakuweza kukunja mguu. Alitoka kila uani anavuta mguu kama mbao, na wamama walimhurumia.

“Maskini, mguu ilipata nini?”

“Treni,” alijibu Samy.

Nyumba ya pili alisema ni nyoka. Nyumba ya tatu, mke wa zamani.

“Chagua kintu moja!” Hervé akamkemea njiani.

“Mais kaka Hervé, banauliza na roho ya muzuri. Minye sipendi kubapa jibu yenye ilisha kutumika.”

Wakazunguka hivyo nusu ya mtaa. Pike ile moja ilipandwa katika nyua nyingi kuliko mihogo. Ndipo Hervé akasikia habari za kongelateri ya Maman Amisa.

Amisa alikuwa mjane, Mwislamu, wazazi wake walitoka upande wa Kasongo. Aliuza samaki wa ziwa Tshangalele, na kongelateri yake ya kuwagandishia ilikuwa nyeupe, ndefu, kubwa kama sanduku la kuzikia tajiri. Hervé alipenda samaki kuliko alivyopenda ukweli, na hilo si la kushangaza, kwa kuwa samaki alishawahi kumwonja, ukweli bado.

“Kwa Baislamu?” Samy akasita njiani. “Sijue kama kule banaombaka sawa na sisi.”

“Maombi ni maombi. Mungu iko moja.”

Walimkuta Amisa mlangoni, na nyuma yake mkaza mwanawe, Chadia, mwenye mimba kubwa, anasafisha sakafu ya saruji kwa maji, miguu mitupu. Hervé alivua kofia yake ya manjano, akatoa hotuba. Alibonyeza kifungo cha diferansiel ya kweli, taa ya ubao ikazimika. Chadia akashangilia.

Amisa hakushangilia. “Mwanangu,” akasema, “nisikilize vizuri. Kongelateri hii inauma. Mwezi uliopita ilimwangusha huyu binti, tukamwokota pale. Mume wake Mahamudu yuko njiani na kamyo, aliniachia mke na mimba mikononi mwangu. Samaki wakioza, Tshangalele ina wengine. Chadia mwingine sina pa kumtoa. Unaweza kuitibu, au unaweza kuongea tu?”

“Maman, minye ni ingénieur.”

“Sikukuuliza jina.”

“Ninaweza.”

“Basi fanya. Kazi ikiisha na mimi nikiona imeisha, nitakulipa.”

Hervé hakupenda maneno hayo ya mwisho, lakini alikuwa ameshaona samaki kupitia mfuniko uliofunguliwa kidogo. Akasimamisha pike ndefu uani, inang'aa juani, akainua mikono.

“Mbele ya kupanda, tuombe.”

“Omba, mwanangu,” akasema Amisa. “Sisi tutaitikia Amina.”

Hervé akafunga macho, kwa kuwa mwongo mzuri hujidanganya kidogo na yeye mwenyewe. “Ee Mungu, weye uliumba udongo mbele ya umeme! Weye unajua kila waya kwa jina! Ubariki shimo hii, ubariki maman hii, ubariki na samaki yake yote, kubwa na kidogo…”

Alishangaa tu kwamba leo anaomba peke yake, hakuna kelele nyingine. Akafikiri ni heshima.

Sasa, wasomaji wangu, Waislamu wa kwetu wakiombewa dua wanafungua viganja mbele ya kifua, wanatulia kimya, na macho yao yanabaki mahali Mungu alipoyaweka, wazi. Amisa alikuwa amefungua viganja. Chadia alikuwa amefungua viganja. Na mbele ya macho yao manne Samy, aliyezoea kufanya kazi bila watazamaji, alifungua koti, akaingiza pike kama nyoka anayerudi shimoni, akatoa kipande kifupi, akakisimamisha, akakipangusa hata vumbi.

Chadia alifungua mdomo. Amisa akamkanyaga kidole cha mguu.

“Amina,” akasema Amisa, sauti laini kama mafuta ya mawese.

Hervé alipiga nyundo. Pa, pa, pa, kwisha.

“Udongo yenu ni muzuri sana, Maman. Inaingia yenyewe.”

“Kumbe! Tulipochimba choo hapo hapo, wanaume walivunja sururu.”

“Ni nguvu ya maombi.”

“Nimeiona nguvu yenyewe,” akasema Amisa.

Kisanduku kitupu kikatundikwa, waya ya kijani na manjano ikavutwa mpaka kwenye mgongo wa kongelateri iliyokuwa imechomolewa. Hervé alitaka kuaga. Amisa alikuwa ameshatandika mkeka.

“Mgeni hatoki kwangu amesimama. Chadia, leta bukari na samaki. Kaeni.”

Hervé akakaa mbio, bila kufikiri, harufu ya samaki ikiwa imemziba masikio. Samy alibaki amesimama kando ya ukuta kama ufagio.

“Na wewe, mwanangu mrefu?”

“Minye… ninafunga, Maman.”

“Unafunga? Mfungo gani wa siku ya leo, na mdomo wako una kalanga?”

“Iko na mubaya ya mguu,” Hervé akaingilia, mdomo umejaa.

“Pole sana! Mguu ulipatwa na nini?”

“Treni,” akasema Hervé.

“Nyoka,” akasema Samy, wakati ule ule.

Amisa akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

“Nyoka yenye ilikuwa ndani ya treni,” Samy akamalizia.

Chadia alikimbilia jikoni, na huko ikasikika sufuria inaanguka, na mtu anacheka ndani ya kanga. Amisa hakucheka.

“Nitaupaka mafuta ya moto, niukunje polepole. Nilimnyoosha hata marehemu mume wangu.”

“Hapana Maman! Docteur alisema isikunjwe!”

Wakati ule Maman Kabedi akaingia kutoka uzio wa pili, amekuja kuomba chumvi. Kuona mafundi wake wako kwa jirani, akafurahi. “Ah, papa ingénieur! Hata huku?” Akajikaribisha mkekani.

Amisa akamgeukia Hervé. “Umekula?”

“Nimekula, Maman, Mungu akuongezee.”

“Basi jichagulie samaki wa kupeleka nyumbani. Yeyote unayemtaka, hata yule mkubwa wa chini. Fungua mwenyewe. Ila kwangu kuna desturi: aliyetibu kitu ndiye wa kwanza kukitumia. Vua viatu.” Akachukua kata ya maji, akamwagia sakafu mbele ya kongelateri, na akainyunyizia maji mikono ya Hervé kama mtu anayemnawisha mgeni. “Haya. Chomeka, Chadia.”

Kongelateri ikaanza kunguruma.

Hervé alisimama pale, miguu mitupu kwenye maji, soksi zake mkononi. Alijua kuliko mtu yeyote mtaani kilichokuwa kinamngoja kwenye chuma kile. Umeme utatoka mgongoni mwa sanduku, utafuata waya ya kijani na manjano kwa heshima mpaka kwenye kile kichuma kifupi, utakuta udongo mkavu wa juu, utarudi na hasira kumtafuta yeye. Na mlinzi wa ukutani alikuwa springi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya moulin, alimwona Papa Gaston katikati ya unga, na hakuona cha kuchekesha.

“Maman,” akasema, “mbele ya kugusa… tuombe tena.”

“Tuombe,” akasema Amisa.

Maman Kabedi akafunga macho, akaanza kunguruma hata kuipita kongelateri. Hervé akainua mikono, akafumba jicho moja, akamkonyeza Samy kwa lingine. Ndipo alipomwona Amisa. Viganja wazi. Macho wazi, yamemkalia usoni.

“Maman,” akanong'ona, “kwetu tunafungaka macho.”

“Kwetu tunafungua mikono, mwanangu. Macho hayajaagizwa kitu.”

Hervé alipiga hesabu ya haraka: hata mara ile ya kwanza macho hayo yalikuwa wazi.

“Tena,” akaendelea Amisa polepole, “mguu wa ndugu yako unang'aa.”

Wote wakaangalia chini. Chini ya suruali ya Samy, pembeni ya soksi, ncha ya shaba ilikuwa inachungulia, imepigwa na jua la mlangoni.

“Ile ni… pike ya akiba,” akasema Hervé. “Tunaibebaka karibu na mwili, juu ipate joto.”

“Joto limetosha. Ipandeni.”

Samy, ambaye alikuwa amechoka kuliko mtu mwongo anavyoruhusiwa kuchoka, akavuta pike kwapani, ikatoka yote, na mguu wake ukakunjana. Maman Kabedi akafungua macho wakati ule ule.

“Alleluia! Mutoto anatembea! Mguu imepona!” Akaruka ruka mkekani. Kisha akaiona pike. Akamwangalia Samy, akaangalia pike, akaangalia koti. Uimbaji ukamwisha. Akaondoka bila chumvi.

Punde akarudi, ameshika kipande cha chuma kifupi, udongo unaning'inia kama kwenye mzizi wa muhogo.

“Nimekivuta na vidole mbili,” akasema. “Vidole mbili! Na jogoo yangu iko wapi?”

“Tuliikula,” akasema Samy, ambaye hakuwa na uwongo mpya tena.

Maman Kabedi ana sauti ya kwaya. Mtaa mzima ukasikia. Wamama wakaanza kufika uani kwa Amisa, kila mmoja na kichuma chake mkononi, kama watu wanaotoka shambani na mavuno mabaya. Mmoja akataka fimbo. Mwingine akasema waitwe polisi, maana Buluo si mbali, na gereza la kule halijawahi kusema limejaa.

Amisa akainua mkono. “Buluo atakula bure. Hapa atakula akifanya kazi. Mbele ya yote, binti yangu.”

Basi, Hervé akazima umeme wa nyumba nzima. Akapanda pike. Udongo wa Amisa ulikuwa ule ule uliovunja sururu, na safari hii haukusikia maombi ya mtu. Alipiga nyundo mpaka mikono ikatoka malengelenge, Samy akapokea, wakapokezana, na pike waliyoipanda nusu ya mtaa ikaingia ardhini kweli, mpaka udongo wenye maji. Hervé aliiangalia inavyozama kama mtu anayemzika ng'ombe wake wa maziwa. Akaifunga waya vizuri. Akatoa springi ukutani, akafungua ubao wake wa maonyesho, akang'oa diferansiel ya kweli, akaiweka.

“Kwisha,” akasema, na mara hii lilikuwa neno la kweli. Akawasha.

Tac.

Nyumba ikazimika. Akainua kijiti cha diferansiel. Tac. Akakiinua tena. Tac.

“Umeua kongelateri!” akasema Chadia.

“Hapana!” Hervé akaruka kwa furaha, akasahau aliko. “Inatumika! Munaona? Inatumika! Diferansiel inakataa juu kongelateri iko mugonjwa. Umeme unavuja, sasa iko na njia ya kupitia, inashuka kwa pike, mulinzi anaona, anakata! Njo kazi yake! Ingekuwa mutu, asingekufa!”

Wamama wakamwangalia.

“Ya kwanza ilikuwa inawaka, ukasema inatumika,” akasema Maman Kabedi. “Hii inazima, unasema inatumika. Papa, sisi ni batoto?”

“Minye ninasema kweli!”

Kicheko kilichotoka uani kile kilisikika mpaka kwenye reli. Samy mwenyewe alicheka. Hervé akaapa kwa Mungu, kwa mama yake, kwa kichwa cha mke wake Orpa. Alikuwa amedanganya kila mlango bila kuapa, na sasa anaapia ukweli na hauna mnunuzi. Akamgeukia Amisa, karibu kulia.

“Maman, weye uliniona nikidanganya. Niangalie sasa.”

Amisa akamwangalia kitambo. “Kama ni mgonjwa, onyesha kidonda.”

Hervé akachomoa kongelateri, akaisogeza na Samy, akalala chini kifudifudi kwenye maji. Alitafuta nyuma ya mashine, akatoa kichwa kina utando wa buibui, na mkononi ameshika waya. Ganda lake lilikuwa limegugunwa na panya, shaba iko uchi, imeegemea chuma cha sanduku.

“Hiki hapa.”

Wamama wakasogea, wakaona. Kicheko kikapungua. Mmoja akasema panya wa mtaa huu wamenenepa tangu walipopewa dawa fulani, na Hervé akajifanya kutafuta koleo.

Alikata sehemu mbovu, akaunga waya mpya, akaifunika, akarudisha kongelateri mahali pake. Akainua kijiti. Kikakaa. Kongelateri ikanguruma. Akabonyeza kifungo cha kujaribia, tac, nyumba ikazimika, akakiinua, ikawaka.

“Kila mwezi mubonyeze hii,” akasema. “Ikikosa kuzima, muniite… muite mutu.”

Chadia akasogea na beseni lake.

“Ngoja,” akasema Amisa. “Desturi.”

Hervé akasimama kwenye maji. Alijua kwa kichwa kwamba hakuna kitu. Vidole havikujua. Hakuna aliyesema tuombe. Akanyoosha mkono kwa mgongo wa vidole, kama mtu anayepapasa mbwa asiyemjua, akagusa.

Chuma kilikuwa baridi. Baridi tu.

Akaweka kiganja kizima. Akaweka na cha pili. Akabaki amekumbatia kongelateri ile, anacheka peke yake, mpaka Amisa akamwambia inatosha, asiipashe joto. Chadia akafungua mfuniko, akatoa samaki mkubwa wa chini, akamtupia kwenye mfuko.

“Mshahara wako, papa ingénieur.”

“Na pike?”

“Pike gani?” akauliza Amisa. “Ile uliyonipandia ulipokuwa ukiniombea? Iko pale pale. Nakushukuru.”

Baada ya hapo wamama walikaa baraza. Hukumu ilikuwa fupi. Kwa hela alizopokea atanunua pike za kweli na diferansiel za kweli, nyumba kwa nyumba, na Maman Kabedi ataambatana naye dukani, macho wazi. Kofia ya manjano na viatu vyake vikaingia chini ya kitanda cha Amisa mpaka nyumba ya mwisho. Samy atachimba. Na wa kwanza kuhudumiwa baada ya Kabedi atakuwa Papa Gaston wa moulin, ili watu wale unga bila kumwogopa.

Hervé alivuka Shituru na soksi, samaki begani. Njiani alipanga safari: kesho mapema, kamyo ya kwanza ya Kolwezi, mtu asimwone. Lakini mtu hakimbii na soksi, na kila alipopita mlango alisikia wanawake wanaulizana mguu wa Samy unaendeleaje.

Orpa alimpika samaki bila kuuliza viatu viko wapi. Mke wa mwongo hujifunza kungoja. Alisonga bukari juu ya resho ya umeme, amesimama kwenye saruji aliyoipiga maji, na kila mwiko ulipogonga sufuria alirudisha mkono haraka na kusema “sss”.

“Sss ya nini?” akauliza Hervé.

“Resho. Inanilumaka. Si nilikuambia tangu Pasaka?”

Hervé aliacha kutafuna. Akamweleza yote, kwa kuwa samaki yule alikuwa mzito kumeza peke yake. Orpa alicheka mpaka akalia, akalia kidogo pale aliposikia habari za akiba ya nyumba, kisha akacheka tena.

“Na yetu, utaipanda siku gani?”

“Kesho.”

“Kesho yako ninaijua,” akasema Orpa. Akajifunika, akalala.

Hervé alilala chali, macho juu ya bati. Kamyo ya Kolwezi ilikuwa inamngoja kichwani, injini inawaka. Aliigeuza huku na huku, ikagoma kuondoka. Mwisho akanyanyuka, akavaa kandambili za Orpa, zile za plastiki zinazomfika nusu ya mguu, akaenda jikoni akichechemea. Akachomoa resho kwenye ukuta kwa mkono mkavu, akaizungushia waya wake, akaiweka juu ya kabati ambako Orpa hafiki bila kumwita, mpaka pike yao nayo ipandwe.

Akarudi kitandani na kandambili miguuni, akalala.